Nyumba Mpya Ambayo Haijaona Masika

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja. Watu wananunua nyumba zilizomalizika juzi tu huko Goba, Madale, Bunju, Kigamboni na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam, na wanaambiwa kwamba ukaguzi ni wa nyumba za zamani. Tumeamua kuzijibu kwa pamoja. Hapa tunazungumzia jengo lenyewe. Upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi ni kazi nyingine, nayo ifanyike sambamba.

Swali: Shikamooni wataalamu. Mimi na mume wangu tumepata nyumba ya vyumba vitatu, imemalizika mwezi uliopita, hata rangi bado inanukia. Nilipomwambia dalali kwamba nataka kuleta mhandisi, alicheka akasema, "Dada, nyumba mpya inakaguliwa nini?" Kweli kuna haja ya kulipa mtu? (Msomaji, Goba)

Jibu: Marahaba, dada. Haja ipo, tena ni kubwa kuliko kwenye nyumba ya zamani. Nyumba iliyokaliwa miaka mingi imeshanyeshewa, vyoo vyake vimetumika kila asubuhi, pasi, friji na jiko la umeme vimewashwa kwa wakati mmoja. Palipo na ubovu pamejionyesha: doa darini, ufa uliozibwa, mlango ulioparuzwa chini ili ufunge. Nyumba yenu haijapitia hata kimoja kati ya hivyo. Watakaoijaribu kwa mara ya kwanza ni ninyi na watoto wenu, na wakati huo fedha zitakuwa zimeshatoka mkononi.

Wengi hudhani kwamba kibali cha ujenzi ni ushahidi kuwa kuna mtu amekagua. Kibali ni ruhusa ya kujenga kilichochorwa kwenye ramani. Ofisa wa halmashauri hata akifika eneo la ujenzi, haji kufungulia mabomba, kupanda darini au kupima erthi, yaani njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, kwa niaba ya mnunuzi. Kazi hiyo haina mwenyewe mpaka wewe umtafute mtu wa kuifanya.

Tena nyumba ya kuuza hujengwa na mafundi wengi, kila mmoja kwa makubaliano yake: wa kujenga, wa paa, wa umeme, wa bomba, wa dari, wa marumaru, wa rangi. Ubovu mwingi hukaa pale kazi ya mmoja inapokutana na ya mwingine. Fundi umeme anachimba mfereji wa mlalo kwenye ukuta wa tofali la inchi 5 na kuumaliza karibu nusu ya unene wake. Fundi bomba anatoboa mkanda wa zege kupitisha bomba la inchi 4, akikutana na nondo anaikata. Fundi marumaru anaacha saruji ikidondokea kwenye tundu la maji bafuni. Kisha anakuja mpiga skimu na rangi, na yote yanafunikwa. Ndiyo maana tunapenda mnunuzi alete mkaguzi kabla rangi haijapigwa, au hata kabla ya dari kufungwa, kama nyumba ameiona mapema.

Kuna na haraka. Zege hufikia nguvu iliyokusudiwa baada ya siku 28, na linatakiwa limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau. Kifusi chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, kinatakiwa kishindiliwe tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15 hadi 20. Anayejenga ili auze upesi hujaza kifusi chote kwa mkupuo, akakimwagia maji, akamwaga jamvi juu yake. Sakafu haizami siku hiyo. Inazama baada ya mvua kupenya pembeni ya msingi na udongo kujipanga upya. Dalili ya kwanza ni uwazi mwembamba kati ya skatingi, ule ukanda wa marumaru chini ya ukuta, na marumaru za sakafuni, hasa katikati ya ukuta mrefu. Ukiuona kwenye nyumba yenye mwezi mmoja, usimalize mazungumzo ya bei kabla mhandisi hajaeleza sababu.

Wewe mwenyewe, kabla ya kumwita mtu, unaweza kufanya mawili. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi ugonge marumaru moja moja, sakafuni na kwenye kuta za bafu. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mzito na mfupi. Iliyo na uwazi chini hulia kama debe. Moja mbili si neno, lakini zikifuatana eneo zima, zitabanduka. Pili, omba ngazi na tochi uingie darini. Huko hakuna plasta wala rangi, kwa hiyo unaona tofali lenyewe kwenye kuta za juu, kenchi, nyaya na upande wa chini wa bati. Kwaruza tofali kwa msumari. Likiachia mchanga kwa wepisi na kona yake kuvunjika kwa kidole, mfuko wa saruji ulinyooshwa kupita kiasi, na tofali zilizofichwa chini ya plasta ni ndugu wa hizo.

Swali: Nyumba tuliyoichagua Madale ni ya kisasa, paa limefichwa nyuma ya ukuta. Muuzaji anasema bati ni imara na halivuji. Sasa hivi ni kiangazi. Tutajuaje kama linavuja?

Jibu: Swali hili tunalijibu kwa urefu, maana paa lililofichwa ndilo linalotuletea malalamiko mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba mpya.

Kwenye paa la kawaida, gata ikizidiwa maji humwagika nje. Kwenye paa lililofichwa, ukuta wa juu, ambao mafundi huuita parapeti, umesimama juu kuliko ukingo wa bati. Maji yote yanakimbilia kwenye mfereji wa ndani, na yakikosa pa kutokea yanarudi chini ya bati na kuingia darini. Fanya hesabu: paa la mita za mraba 100 likipata milimita 50 za mvua kwa saa moja, ni lita 5,000 zinazotaka kutoka. Sasa angalia nyumba nyingi zina tundu moja tu la kutolea maji, la inchi 2, na kunguru wa Dar wameshaacha vijiti, waya na mifuko ya plastiki hapo mdomoni.

Kwa hiyo panda juu, au mpandishe mkaguzi, na muangalie mambo haya. Kila mfereji uwe na matundu mawili, sio moja, na yawe ya inchi 4. Pawe na tundu la dharura linalotoboa parapeti kwenda nje, lililo chini kidogo ya ukingo wa bati, ili mfereji ukiziba maji yamwagike uani mkayaona, badala ya kuingia chumbani. Hili la tundu la dharura halina gharama ya maana wakati wa kujenga, na karibu kila paa linalovuja tunakuta halipo.

Mwinuko nao unahusika. Bati la migongo mipana likilazwa chini ya nyuzi 5, yaani chini ya sentimita 9 hivi kwa kila mita, maji yanatembea polepole na upepo unayasukuma kurudi kwenye maungio. La migongo midogo ya mviringo linataka nyuzi 10 na zaidi. Kisha tazama pale bati linapokutana na parapeti. Panatakiwa pawe na bati la kuziba, lililokunjwa na kuchomekwa ndani ya ukuta, ndipo plasta ikalifunika. Ukikuta silikoni peke yake imepakwa kwenye kona, jua kwamba jua la hapa litaikausha na kuibandua.

Jaribio la maji hufanyika hivi. Muuzaji awepo, au akubali kwa maandishi. Ziba matundu ya mfereji kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya nailoni, jaza maji mpaka kina cha sentimita 5, hakikisha hayajafika ukingo wa bati, kisha weka alama ya kalamu na uyaache saa 2. Mtu mmoja akae darini na tochi. Baada ya hapo zibua na uone yanatoka kwa kasi gani. Kisha chukua mpira wa maji, anzia chini ya paa ukipanda juu, kila eneo dakika 15. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yanapoingilia.

Mkiwa huko huko darini, tazameni mbao. Mbao iliyotiwa dawa kwa mgandamizo ina rangi ya kijani iliyoingia ndani. Kwangua kwa kisu kiasi cha milimita 3. Ikiwa chini ya ngozi ni nyeupe kabisa, ilipakwa kwa brashi tu, na mchwa wataila bila shida. Kuhusu unene wa bati, kumbukeni geji ikiongezeka namba bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30. Mkaguzi apime ukingo kwa mikromita badala ya kusoma risiti.

Swali: Nyumba iko Kigamboni, kama mita mia tatu kutoka baharini. Imekamilika lakini kuna nyufa juu ya madirisha, na chini ya bimu ya kibaraza kuna mstari wa rangi ya kahawia. Muuzaji anasema plasta inajikaza tu.

Jibu: Kaka, hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo zito.

Plasta kujikaza ni kweli hutokea. Nyufa zake ni nyembamba kama unywele, zinasambaa kama ramani bila mwelekeo, na haziendi upande wa pili wa ukuta. Husababishwa na jua kali na plasta kutomwagiliwa. Hizo ni za skimu na rangi. Lakini ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari, au unaofuata maungio ya tofali kama ngazi, una habari nyingine. Huenda linta, ile bimu iliyo juu ya dirisha, ni fupi: inatakiwa ilalie ukuta sentimita 15 hadi 20 kila upande, na wapo wanaoikatia pale pale dirisha linapoishia. Huenda pia msingi unashuka upande mmoja. Ingia ndani uone kama ufa uko mahali pale pale. Pima upana wake juu na chini. Ukiwa mpana juu kuliko chini, mara nyingi mwisho wa ukuta ndio unaoinama kwenda nje.

Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Rudi baada ya wiki 4. Ufa uliorefuka kupita alama bado unafanya kazi. Unaozidi milimita 5 usiununue kwa maneno ya mtu yeyote, sisi tukiwemo; mhandisi achimbe pembeni ya msingi aone.

Sasa mstari wa kahawia. Hiyo ni kutu ya nondo. Nondo inaposhika kutu huvimba, nafasi inayochukua inakuwa kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuliwa kutoka ndani. Karibu na bahari hili huja mapema kwa sababu tatu: hewa yenye chumvi, mchanga wa pwani usiooshwa, na maji ya kisima chenye chumvi yaliyotumika kuchanganyia zege. Kinachoilinda nondo ni unene wa zege linaloifunika. Kwenye bimu na nguzo za nje huko pwani tungetaka milimita 40 au zaidi. Kibaraza chenye kutu kabla hakijamaliza mwaka, huenda nondo iko milimita 10 tu kutoka nje, kwa sababu fundi hakuweka vipande vya zege vya kuinyanyua kutoka kwenye mbao za fomu.

Mkaguzi awe na kifaa cha kutafuta nondo ndani ya zege, kinachosoma unene huo bila kubomoa. Apite kwenye nguzo zote za nje, si kibaraza peke yake. Na muuzaji akisema ataziba kwa saruji na kupaka rangi upya, mkatalie. Ukarabati wa kweli ni kubomoa zege mpaka nyuma ya nondo, kusugua chuma mpaka king'ae, kupaka dawa ya kuzuia kutu na kujaza kwa mota maalumu. Ikiwa chumvi iko ndani ya zege lote, hata huo ni wa muda. Kwa nyumba yako tungependekeza sampuli ya zege ipelekwe maabara kupimwa chumvi kabla ya kulipa chochote.

Swali: Nyumba ninayoitaka Segerea imeshafungwa luku na taa zote zinawaka. Si ina maana TANESCO wameikagua?

Jibu: Wajibu wa TANESCO unaishia kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani ni kazi ya fundi aliyefanya wayaringi, na fundi huyo anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Muulize muuzaji jina lake na namba ya leseni, na umwombe nakala ya fomu ya wayaringi iliyopelekwa wakati wa kuomba umeme.

Taa kuwaka hakukwambii kitu kuhusu erthi. Mlete fundi wako, azime umeme, afungue boksi la breka. Kwa kawaida waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5 na breka yake ni ya ampia 10 hivi. Soketi ni waya wa 2.5 na breka ya 20. Ubaya tunaoukuta ni breka ya 32 kwenye waya wa 1.5: waya unapata moto na kuyeyusha ngozi yake ukutani ilhali breka bado haijaona sababu ya kukata. Hita ya kuogea ya papo kwa papo yenye kilowati 5.5 inavuta karibu ampia 24. Inataka waya wake peke yake, wa milimita za mraba 4 au 6 kutegemea umbali. Ukikuta imeungwa kwenye soketi iliyo karibu, hiyo ifumuliwe.

Akwangue ncha ya waya kwa kisu: ukitokea mweupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Abonyeze kitufe cha majaribio kwenye swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30. Ikate papo hapo. Nyumba isiyo nayo iwekewe kabla ya makabidhiano, maana ndiyo inayookoa mtu aliyelowa bafuni. Mwisho apime erthi kwa mashine yake. Kile kidude cha taa tatu kinachochomekwa kwenye soketi huonyesha kwamba waya wa erthi umeunganishwa, hakionyeshi kama fimbo iliyo ardhini inafanya kazi. Kwenye mchanga mkavu fimbo fupi haifiki udongo wenye unyevu, na hapo erthi inakuwa ya jina tu.

Swali: Muuzaji alifungulia bomba la jikoni mbele yangu, maji yakatoka kwa nguvu. Inatosha? (Kimara)

Jibu: Haitoshi. Uliza kwanza maji hayo yalitoka kwenye laini ya DAWASA moja kwa moja au kwenye tangi. Siku ya mgao utategemea tangi, na kila mita 10 za urefu ndizo zinazokupa msukumo wa baa 1. Tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 linakupa baa 0.3, na hita nyingi za papo kwa papo hazitawaka kwa msukumo huo. Pia jua kwamba tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2. Mnara wa vyuma vyembamba au kona ya slabu isiyo na bimu chini yake haistahili mzigo huo.

Funga koki zote na utazame mita ya DAWASA. Kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja ukutani au chini ya sakafu. Bafuni mwaga ndoo ya lita 20 mbali na tundu: maji yote yafike kwenye tundu yenyewe, bila kusukumwa na fagio. Bafu la ghorofani lizibwe tundu, lijazwe sentimita 2 za maji, liachwe saa 24, kisha mkatazame dari ya chini yake.

Swali: Tunaambiwa Boko hujaa maji lakini nyumba tunayoitaka iko juu kidogo, na imejengwa kiangazi. Tufanyeje?

Jibu: Msiulize muuzaji, ulizeni majirani na mjumbe, tena wa nyumba za upande wa chini. Tazameni kuta za uzio za zamani zilizo karibu: maji yaliyosimama huacha mstari wa tope na rangi iliyobabuka chini yake. Pimeni mstari huo uko juu au chini ya sakafu ya nyumba yenu. Kama kuna mto au bonde, kumbukeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo hata ikiwa nzuri kiasi gani, iacheni. Na mkiwa hapo tafuteni bikoni zote za kiwanja, maana uzio mpya huweza kuwa umevuka mpaka.

Kingine cha kukagua huko ni shimo la maji taka, na hapa watu hukwepa kwa sababu hakupendezi. Mfuniko ufunguliwe. Wakati huu ambapo halijatumika ni rahisi kuliona lote. Tangi la kweli lina vyumba viwili, cha kwanza kikubwa mara mbili ya cha pili, kuta zimepigwa plasta isiyopitisha maji, na mabomba ya kuingilia na kutokea yana kiungo cha T kinachoshuka chini ya uso wa maji ili uchafu unaoelea usipite. Kwa familia ya watu 6, chini ya lita 3,000 ni padogo. Baada ya hapo ndipo liwepo shimo la kunyonya. Tunachokikuta mara kwa mara ni shimo moja tu la tofali zilizopangwa na matundu, limefunikwa slabu. Eneo ambalo maji ya ardhini yako karibu, masika yakifika shimo hilo hujaa kutoka chini, na choo kinakataa kushusha maji. Chungulieni ndani: mkikuta maji yametuama na nyumba haijawahi kukaliwa, hayo ni maji ya ardhini.

Kisima cha nyumba au cha jirani kiwe mita 30 kutoka shimo la kunyonya. Fungueni pia kila chemba kati ya choo na tangi, mshushe maji na tishu, mtazame zinapita bila kukwama. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita.

Swali: Na apatimenti? Nataka kununua moja ghorofa ya tano Mikocheni, bado inajengwa.

Jibu: Huko hununui chumba chako peke yake, unanunua na sehemu ya nguzo, paa, lifti na pampu ya maji. Omba kuona kibali na uhesabu ghorofa zilizoruhusiwa, kisha uhesabu zilizosimama. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36. Usione aibu kuuliza swali hilo. Mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Omba ripoti za majaribio ya zege, zile za siku 7 na siku 28, kwa kila ghorofa. Msimamizi makini anazo kwenye faili; asiyekuwa nazo akueleze ni kwa nini.

Mkataba utaje hati utakayopata chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, na ulipe kwa hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi, si kwa tarehe za kalenda.

Swali: Tumekagua, kasoro zimeonekana. Muuzaji anasema tulipe zote kwanza, atarekebisha tukiwa ndani.

Jibu: Msikubali. Ripoti iambatanishwe kwenye mkataba wa mauziano, kila kasoro na chumba chake, picha yake, nani atarekebisha na kwa tarehe gani. Sehemu ya bei, asilimia 5 hadi 10, ibaki mikononi mwa wakili mpaka mkaguzi yule yule arudi na kusaini kwamba kazi imefanyika. Zaidi ya hapo muombe kipindi cha uangalizi cha miezi 12, ambacho kitahusisha paa, mabomba, umeme na nyufa. Miezi 12 ina maana yake: hapo mtapata masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Muuzaji akitoa miezi 3 inayoanza Juni, amewapa kiangazi.

Kasoro za rangi na vitasa zinazungumzika kwa bei. Za msingi, nondo, na paa zirekebishwe kabla ya kuhamia, maana punguzo hamtajua kama linatosha mpaka sakafu ifukuliwe.

Swali: Tumtafute nani, na tumlipe nani?

Jibu: Mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hakiki jina lake kwenye bodi kabla ya kumpa kazi. Kwa umeme, fundi mwenye leseni. Mlipe wewe, mkubaliane kwa maandishi atakagua nini, na asiwe mtu aliyeletwa na dalali au muuzaji. Nyumba ya vyumba vitatu inachukua saa 3 hadi 4 za kazi ya kweli. Aje na ngazi, timazi, pimamaji, kipima unyevu, kifaa cha kutafuta nondo na tochi. Aliyekuja na simu ya kupigia picha peke yake, mwache arudi navyo.

Kwa unyevu wa sakafu mwambie afanye jaribio hili rahisi, hasa kama mnataka kuweka sakafu ya mbao: kipande cha nailoni safi cha nusu mita kwa nusu mita kigandishwe sakafuni kwa utepe pande zote, kikae saa 24 hadi 72. Matone yakijikusanya chini yake, huenda karatasi ya kuzuia unyevu chini ya jamvi haipo au ilitoboka. Sakafu ikiwa imeshapigwa marumaru, afanyie stoo au gereji, ambako mara nyingi jamvi limeachwa wazi.